Je, wajua kwa nini rangi nyeupe huzuia moto wa bomu la nyuklia?

Saa nane za mchana mjini Lamu, bandika kiganja kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kisha kwenye mlango wa bati uliopakwa rangi nyeusi. Ukutani kitatulia. Kwenye bati utakiondoa mbio. Na jua ni lile lile.

Joto la kwanza la bomu la nyuklia nalo huja kama mwanga. Hufika kabla ya mshindo na upepo, na sehemu yake kubwa huisha kwa sekunde chache. Kwa hiyo kinachopimwa kwanza si ugumu wa kitu, ni kiasi cha mwanga ambacho kitu hicho hukinywa badala ya kukirudisha. Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, wapo waliovaa kimono zenye michoro myeusi, na michoro ile ikachapika kwenye ngozi kama vidonda, kwa sababu weusi ulivuta joto kuliko weupe. Fikiria leso yenye pindo jeusi, utaelewa. Ndiyo maana Waingereza walizipaka ndege zao za mabomu, Vulcan na Victor, rangi nyeupe, zisiunguzwe na bomu walilodondosha wenyewe.

Mei 1953, jangwani Nevada, Marekani, vijumba vitatu vya mbao viliwekwa karibu na mlipuko. Viwili vya mbao kuukuu, kimoja kikiwa na makaratasi na majani makavu uani, viliteketea. Cha katikati, cheupe na kisafi, kilibabuka juu tu. (Filamu ya jaribio hilo ilitengenezwa kwa mkono wa wafanyabiashara wa rangi, basi sifa za rangi humo si haba!)

Mbao nene na kitambaa kizito vina hila nyingine. Tabaka la juu huungua na kufuka moshi, moshi ukakinga mwanga unaofuata, na mkaa uliobaki juu haupitishi joto upesi. Mchoma mihogo anaijua habari hii: moto ukiwa mkali na wa haraka, nje hutoka mweusi na ndani mbichi.

Vifungashio je? Mwaka 1955, huko huko Nevada, Wamarekani waliweka chupa na makopo ya bia na soda karibu na mlipuko. Mengi yalibaki mazima. Yaliyovunjika yalipigwa hasa na vifusi vilivyorushwa.

Hayo yote ni kwa walio mbali kiasi, maana ndani ya tufe la moto lenyewe hakuna rangi wala mbao. Na Lamu kuta zetu zingejitetea, ila juu yake tumeezeka makuti: yale majani makavu ya Nevada, tumeyapandisha darini wenyewe.