Uchunguzi wa matiti kwa kadiri ya hatari ni nini?

Ni kukadiria kwanza uwezekano wa kila mwanamke kupata kanseri ya matiti, kisha kuamua aanze kupimwa lini, arudi baada ya muda gani, na kwa mashine ipi.

Kazi inaanza na maswali, mashine baadaye. Una miaka mingapi? Nani katika ukoo aliugua titi au ovari, na akiwa na umri gani? Uliwahi kupigwa mionzi kifuani kabla ya miaka 30? Hapo kwenye ukoo ndipo makosa huingia. Mama mkaazi wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, atawataja mama yake na mama wadogo, amsahau shangazi, ilhali kasoro ya jeni BRCA1 au BRCA2 hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Hata hesabu ya Gail ya kukadiria hatari, ya mwaka 1989, inamhesabu mama, dada na binti tu. Na yule shangazi aliyesemekana amelogwa, naye alikuwa na kidonda cha titi kisichopona? Mwandike.

Marekani, tangu 2024, mwanamke wa hatari ya kawaida anashauriwa mamografia (picha ya eksirei ya titi) kila miaka 2, kuanzia 40 hadi 74. Mwenye kasoro ya BRCA, ambaye uwezekano wake wa kuugua kufikia miaka 80 ni karibu 70%, huanza IRM (picha ya mashine ya sumaku) ya kila mwaka akiwa na 25, na mamografia huongezwa akifika 30.

Kuna pia titi lenye nyama nyingi kuliko mafuta. Mkono hauwezi kulitambua. Picha tu ndiyo huonyesha. Nyama ni nyeupe, uvimbe ni mweupe: chumvi juu ya bukari (ugali). Hapo ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) husaidia, lakini kichwa kilichopinda cha kupimia mimba hakifai. Kinatakiwa kichwa bapa, cha megahetsi 10 hivi au zaidi. Kabla ya kulipa, uliza.

Alama za jeni nyingi zinazojumlishwa siku hizi ili kukadiria hatari zilitengenezwa hasa kwa wanawake wa asili ya Ulaya. Kwetu zinakosea zaidi. Tena wagonjwa wengi hawana ndugu aliyeugua, kwa hiyo hatari ndogo si kinga.

Ukishagusa uvimbe, au chuchu ikatoa damu, hesabu hizi hazikuhusu tena: huo si uchunguzi wa mzima, unahitaji picha na biopsi (kipande kidogo cha uvimbe kupimwa maabara). Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60.