Kabla hujatoa dola, pitia maktaba

Juzi alinijia maktabani binti wa mwaka wa tatu, simu mkononi, uso umemshuka. Anaandika utafiti kuhusu mwani wa Paje. "Bibie, makala naiona, lakini wanataka dola 35."

Nikaichukua simu. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, yote ipo, na chini yake kitufe cha kununua. "Usilipe hata senti, mwanangu. Hii tunayo."

Alikosea mlango tu. Alitafuta Google, akaangukia kwenye tovuti ya mchapishaji, na mchapishaji hamjui yeye ni nani. Angeingia kupitia ukurasa wa maktaba kwa akaunti ya chuo, mchapishaji huyohuyo angemfungulia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazohudumiwa na Research4Life, mpango wa kuzipatia taasisi za nchi za kipato cha chini majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu: humo mna Hinari ya afya, ya tangu 2002, na AGORA ya kilimo na uvuvi, iliyofuata 2003. Mwani utafute AGORA.

Halafu maneno. Alikuwa akiandika swali zima kama anamuuliza mtu. Kanzidata, yaani hazina ya makala ya kwenye mtandao, haijibu maswali, inalinganisha maneno. Kisanduku cha kwanza tukaweka Kappaphycus OR Eucheuma, yaani kotonii na spinosa kwa majina ya kitaalamu, cha pili Zanzibar. Utitiri wa matokeo ukapungua hadi orodha inayosomeka.

Kile kisanduku cha "matini kamili tu" mimi sikipendi. Ukikiwekea tiki mapema, unaoneshwa makala zile tu ambazo kanzidata hiyo inazo yenyewe. Iliyoko kwenye kanzidata nyingine, ambayo pia tunayo, inafichika. Tazama zote kwanza, kisha nakili DOI, ile namba inayoanza na 10, uitafute kwingine. JSTOR, kanzidata nyingine ya majarida, nayo ina lake: majarida mengi humo hukosa matoleo ya miaka michache ya karibuni, basi usikate tamaa ukayakosa.

Na kabla ya yote hayo, chungulia AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika. Mengi humo ni bure, likiwemo jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambao makao yao yako hapahapa Unguja. Mtu anataka kutuma dola ng'ambo, na makala za mwani ziko jirani!

Akapakua tano, akazihifadhi kwa majina ya "makala1", "makala2"... Hilo nilimgombeza, lakini tutalizungumza siku nyingine.