Bei ya kutenganisha

Watu wakijua kwamba mimi ni mkemia wa metali, swali hufuata bila kuchelewa: kwa nini chupa ndogo ya unga fulani iuzwe kwa bei ya nyumba? Wengi huwa na jibu tayari, kwamba kitu kikiadimika lazima kipande bei. Lina ukweli, lakini linaiacha nje kazi ninayoifanya kila siku.

Tuanze na astatini, elementi ya asili iliyo haba kuliko zote. Ukiikusanya yote iliyomo katika ganda la dunia saa hii, inakadiriwa haitazidi gramu 30. Bei ya hiyo iliyomo ardhini? Haina. Hata isotopu yake (yaani aina ya atomu zake) inayodumu kuliko nyingine huoza yenyewe na kupungua nusu kila baada ya saa 8 hivi, basi hakuna awezaye kuichimba akaiuza. Alumini ni kinyume chake. Imejaa ardhini, takriban asilimia 8 ya ganda la dunia, na bado katikati ya karne ya 19 ilihesabiwa pamoja na metali za thamani. Mwaka 1884 Wamarekani waliweka kipande chake cha kilo 2.8 hivi kwenye ncha ya mnara wa Washington, kwa fahari kabisa. Miaka miwili baadaye Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme. Bei ikaporomoka, na leo tunapikia sufuria zake. Udongo ulikuwa uleule. Kilichokuwa ghali ni kuing'oa kutoka kwenye oksijeni iliyoikumbatia.

Moyo wangu hasa uko kwenye zile metali ziitwazo adimu, jina linalopotosha, kwa sababu mojawapo, seri, ni nyingi ardhini karibu sawa na shaba. Tatizo la metali hizi ni undugu. Hukaa pamoja katika mwamba mmoja na tabia zao za kikemia zinakaribiana mno. Mwaka 1841 Carl Gustaf Mosander wa Uswidi alitangaza elementi aliyoiita didimi, kutokana na neno la Kigiriki la pacha. Wanakemia waliihesabu kuwa kitu kimoja kwa miaka 44, mpaka Carl Auer von Welsbach wa Austria alipoigawa mwaka 1885 zikatoka mbili: praseodimi na neodimi.

Mimi nimewatenganisha pacha hao kwa mikono yangu. Unayeyusha madini katika tindikali, kisha unayatikisa pamoja na mafuta yenye kemikali inayompenda mmoja kidogo tu kuliko mwenzake. Ukitikisa mara moja, huoni tofauti yoyote ya maana. Unarudia, unapima, unarudia tena. Viwandani hupanga matangi kwa mamia, kila moja likiongeza usafi kwa kiasi kidogo. Siku nilipopata kwa mara ya kwanza mmumunyo wa kijani upande huu na wa zambarau iliyofifia upande ule, nilikaa nikiitazama kama mtu aliyepokea mtoto. Nyuma yangu yalikuwa madumu ya tindikali iliyotumika, na kuisafisha hiyo nako ni gharama. Nikiona neodimi inauzwa rahisi kupita kiasi, huuliza kwanza maji machafu yalikwenda wapi.

Rodi, metali ya jamii ya platini, ina kisa kingine. Ni nadra mno mgodi kufunguliwa kwa ajili yake. Hutoka kidogo kidogo pamoja na platini, na sehemu kubwa ya rodi ya dunia hutoka Afrika Kusini. Watengenezaji wa magari huihitaji ili kuvunja oksidi za nitrojeni katika moshi. Machi 2021 aunsi moja, yaani gramu 31 hivi, ilikaribia dola 30,000. Kufikia katikati ya 2023 ilikuwa chini ya 5,000. Mchimbaji anayeiona bei ile ya 2021 hana la kufanya haraka, maana akitaka rodi zaidi hana budi kuchimba platini zaidi. Na kwenye usafishaji rodi huwa miongoni mwa za mwisho kutoka, kwa ukaidi wake mbele ya tindikali.

Kaliforni-252, isotopu yenye mnururisho, haichimbwi kabisa. Hutengenezwa Oak Ridge, Marekani, na Dimitrovgrad, Urusi. Kuriamu, elementi nyingine nzito, huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia imeze nyutroni (chembe za kiini cha atomu) moja baada ya nyingine, na sehemu kubwa yake hupasuka njiani kabla ya kuwa kaliforni. Kinachopatikana hupimwa kwa miligramu. Bei inayotajwa ni mamilioni ya dola kwa gramu, ingawa wanunuzi huchukua maikrogramu (sehemu za milioni za gramu) tu, kwa kuwa maikrogramu moja pekee hutoa nyutroni zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na chanzo kidogo hutosha kusaidia kuwasha kinu kipya. Nusu yake hupotea kila baada ya miaka 2.6. Baada ya miaka 8 mnunuzi hubakiwa na sehemu moja ya nane hivi, na kuriamu nyingine hurudishwa kinuni.