Kamakhya: Hekalu la Kushuka

Ninapoulizwa ni hekalu lipi la Kihindu ambalo msanifu majengo anapaswa kuanza nalo, watu hutarajia nitaje mojawapo ya mahekalu ya kusini mwa India, yale yenye minara iliyosheheni sanamu za rangi. Mimi hutaja Kamakhya, lililo juu ya kilima cha Nilachal mjini Guwahati, jimbo la Assam, karibu na mto Brahmaputra. Mahekalu mengi humwinua mja macho. Hili humshusha miguu.

Kwa nje halionyeshi hivyo. Kuba lake ni pana, limenenepa kama boga, na limezungukwa na vikuba vidogo vinavyoliegemea. Ukilikaribia utaona kwamba sehemu ya chini ni ya mawe yaliyochongwa, masalia ya hekalu la kale zaidi, ilhali sehemu ya juu ni ya matofali. Mfalme Naranarayan wa Koch na nduguye Chilarai walilijenga upya mwaka 1565, na fundi wao Meghamukdam alijaribu mara mbili kuusimamisha tena mnara wa mawe asifanikiwe. Ndipo akageukia matofali na ufundi wa kuba uliokuwa umezoeleka katika majengo ya Kiislamu ya Bengal. Mimi huliona kuba hilo kuwa ungamo la fundi aliyejua ukomo wa mawe yake, na ndiyo maana nalipenda.

Vyumba vinne vimepangwa katika mstari mmoja. Upande wa magharibi kuna natamandira, ukumbi mrefu ulioongezwa na wafalme wa Ahom, ambao paa lake halina uhusiano wowote na kuba. Kisha pancharatna, ambayo sina mengi ya kusema juu yake. Kisha chalanta, chumba cha mraba ambamo huwekwa sanamu ndogo ya Kamakhya, mungu wa kike wa hekalu hili, inayoweza kuhamishwa, na ambamo kuta zina maandishi ya kuchongwa pamoja na sanamu za wale ndugu wawili wa kifalme. Mwisho, upande wa mashariki, ni garbagriha.

Neno hilo la Kisanskriti hutumika kwa chumba cha ndani kabisa cha kila hekalu la Kihindu, na maana yake ni nyumba ya tumbo la uzazi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa lugha yetu yenyewe huliita tumbo hilo mji wa mimba, mahali pa kukaliwa. Kwingineko jina hilo ni fumbo. Katika Kamakhya ni maelezo ya kile kilichomo, kwani masimulizi yanasema kwamba mwili wa Sati, mke wa mungu Shiva, ulipokatwa vipande vikatawanyika nchini, uke wake uliangukia hapa.

Kwa hiyo hakuna sanamu ya kutazamwa. Unashuka ngazi nyembamba za mawe, zenye unyevu, mkono ukiambaa ukutani, mpaka kwenye pango dogo lililo chini ya usawa wa ardhi. Taa za mafuta ndizo mwanga pekee unaofaa kuutegemea. Sakafuni kuna mwamba wenye ufa wa kina cha takriban sentimita 25, umefunikwa kwa nguo na maua, na maji ya chemchemi huujaza daima. Mja huinama, huyagusa maji kwa vidole, kisha huondoka, kwa sababu nyuma yake kuna foleni. Kuba lote lile la juu, ukilifikiria kutoka hapo chini, ni kifuniko cha chemchemi.

Usanifu huu hutawaliwa pia na kalenda. Kila mwaka mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ambubachi, huaminika kwamba mungu huyo wa kike yuko hedhini. Milango hufungwa siku tatu, na maelfu ya watu waliopanda kilima hungoja nje ya jengo wasiloweza kuingia. Siku ya nne hufunguliwa, na waumini hugawiwa vipande vya kitambaa chekundu, ambavyo wengi hurudi navyo nyumbani.