Sembungan: wakulima wa Java wanaonunua mchele

Kisiwa cha Java, nchini Indonesia, kikitajwa, fikra za wengi huenda kwenye mpunga: majaruba yaliyojaa maji, na mkulima ameinama na miche mkononi. Sembungan hakuna hata jaruba moja. Kijiji hiki kiko tarafa ya Kejajar, wilaya ya Wonosobo, Java ya Kati, kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji hujivunia kwamba hakuna kijiji kingine kisiwani kilicho juu zaidi. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo Sembungan huwa na baridi kuliko pwani kwa nyuzi 14 hivi. Mpunga hauwezi hali hiyo. Mchele hununuliwa dukani, na fedha ya kuununua hutoka kwenye kiazi mviringo.

Sisi tunaofundisha hifadhi ya udongo tunakipenda kijiji hiki kwa sababu moja: yanayowasumbua wakulima wake yanafahamika vizuri kwa mkulima wa viazi wa Njombe, Lushoto au Nyandarua, ila Sembungan yamekwenda mbali zaidi.

Sembungan ni sehemu ya uwanda wa juu wa Dieng, nchi ya volkano iliyojaa mashimo yanayotoa mvuke, maziwa madogo na matope yanayochemka. Jina Dieng huelezwa kuwa limetokana na maneno ya kale yenye maana ya makao ya miungu. Chini ya kijiji, bondeni, yamesimama mahekalu ya mawe ya Kihindu, miongoni mwa ya zamani kuliko yote Java, yaliyojengwa zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Leo wanakijiji ni Waislamu. Nyumba zao zimebanana kando ya ziwa dogo la Cebong, na nyuma yake kuna kilima cha Sikunir ambako watalii hupanda alfajiri kutazama jua likichomoza ng'ambo ya mlima Sindoro.

Kwa mtaalamu wa ardhi, Dieng husomeka kwa kufuata kinachoteremka. Anza na baridi. Kati ya Juni na Agosti mbingu huwa wazi usiku, ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni na kutulia humo. Asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Wajava huiita bun upas, yaani umande wa sumu, kwa sababu jua likipanda majani ya viazi huonekana kama yameunguzwa kwa moto. Shamba la mteremkoni mara nyingi hunusurika wakati la bondeni limekwisha.

Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka kwenye mashimo ya volkano nayo hufuata njia hiyo hiyo, maana ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi. Tarehe 20 Februari 1979, kabla ya mapambazuko, kreta (shimo la volkano) ya Sinila iliyo katika wilaya jirani ya Banjarnegara ililipuka. Watu walitoka majumbani kukimbia mlipuko, wakashika njia iliyopita mahali pa chini, na huko gesi hiyo isiyo na rangi wala harufu ilikuwa imekwisha kutangulia. Walikufa watu zaidi ya 140. Mkazi wa Dieng huambiwa jambo hilo tangu utotoni: kreta ikichafuka, kimbilia juu, usishuke bondeni.

Kinachoteremka kwa wingi kuliko vyote, hata hivyo, ni udongo. Zamani milima hii ililimwa zaidi mahindi, tumbaku na kabichi. Kuanzia miaka ya 1980 kiazi kilishika kasi, hasa aina ya Granola yenye asili ya Ujerumani. Kiazi kililipa. Watu walijenga nyumba za matofali, walinunua pikipiki, wengine walikwenda Makka kuhiji. Misitu ya mteremkoni ikakatwa hadi karibu na vilele, na shamba moja likawa linapandwa mara mbili, hata tatu kwa mwaka. Ili udongo usichoke huongezewa mbolea ya kuku, magunia kwa magunia, inayopandishwa kwa malori kutoka mabondeni. (Mgeni huipata harufu yake kabla hajaliona shamba.) Msimu wa mvua kazi kubwa ni kupiga dawa za ukungu, maana ugonjwa wa baka, unaoletwa na ukungu huo na kuozesha majani na viazi, unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Kiangazi kikifika, mabomba ya plastiki hutandazwa kuvuta maji ya ziwani.

Sasa tazama matuta. Kitabu chochote cha hifadhi ya udongo kitakuambia matuta yakingame mteremko. Dieng mengi yanashuka nao, wima, kama mifereji ya paa la bati. Mgeni msomi huona huo ni ujinga, na hapo ndipo anapokosea. Kiazi hakivumilii maji yaliyotuama. Tuta lililokingama kwenye mvua za Dieng hubaki limeloa, viazi vikaoza, na baka likapata makao. Mkulima amepima hasara mbili, akachagua ile isiyomfilisi msimu huu. Kumwambia ageuze matuta bila kumpa njia ya kutoa maji ya ziada ni kumtaka afanye kazi ya hasara. Yanayofaa yanajulikana: matuta yaliyokingama lakini yenye mwinamo mdogo, mfereji wenye majani pembeni wa kupokea maji, vishimo vya kunasa tope linaloshuka. Yote yanataka nguvu kazi na yanakula sehemu ya shamba, na shamba lenyewe mara nyingi ni dogo. Kwa maoni yangu, gharama hiyo haimhusu mwenye shamba peke yake.

Nasema hivyo kwa sababu tope haliishii Dieng. Huingia mto Serayu, ambao chanzo chake kiko huko huko juu, na kutua katika bwawa la Mrica huko Banjarnegara, lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya umeme. Bwawa hilo limejaa mashapo kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa maneno mengine, mwenye kuwasha taa mjini ana sababu ya kuuliza matuta ya Sembungan yamekaaje.

Kuna mti mmoja unaosaidia kidogo, nao ni karika, ndugu wa mpapai aliyeletwa kutoka milima ya Andes. Unastahimili baridi ya Dieng, hupandwa kingoni mwa mashamba na kando ya nyumba, na hudumu miaka mingi bila ardhi kuchimbuliwa. Tunda lake likiwa bichi lina utomvu unaowasha, kwa hiyo humenywa, likachemshwa kwenye maji ya sukari na kufungwa kwenye vikombe vya plastiki au chupa. Watalii wanaoshuka Sikunir huyabeba hayo kwa makatoni, na kazi ya kuyamenya na kuyafunga hufanywa zaidi na wanawake, majumbani na katika viwanda vidogo vya Wonosobo.