Euro 90 za viza ya Schengen hazilipii ulinzi wa mipaka

Wengi wanaamini kwamba ada ya viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), euro 90 kwa mtu mzima, ndiyo inayonunua kamera za mipakani na kulipa walinzi. Ni rahisi kufikiri hivyo, maana viza na mpaka huenda pamoja.

Kwa kanuni za viza, ada hiyo ni ya gharama za kushughulikia ombi: kupokea fomu, kuchukua alama za vidole, kukagua nyaraka, kutoa uamuzi. Ndiyo maana hairudishwi ombi likikataliwa, kazi imeshafanyika. Inauma, hasa kwa aliyejinyima ili aipate.

Mipaka ina mfuko wake. Kwa miaka 2021 hadi 2027, Kanuni 2021/1148 ya Umoja wa Ulaya ilitenga takribani euro bilioni 6.24 kutoka bajeti ya pamoja ya Ulaya. Kwa kawaida mfuko hubeba hadi asilimia 75 ya gharama za mradi, na nchi husika hujazia zilizobaki. Mfuko huohuo unagharimia pia sera ya pamoja ya viza, ikiwemo mifumo ya kompyuta, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Ukitaka kuhakikisha, chukua risiti yako. Ukiomba kupitia wakala aliyeteuliwa na ubalozi kupokea maombi, tenganisha ada ya viza na ada ya huduma ya wakala, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi nusu ya ile ya kwanza. Kisha tafuta namba 2021/1148 mtandaoni, ufungue kifungu cha bajeti na kile cha viwango vya uchangiaji.