Kuhamishia kwenye flashi si bakapu

"Fundi, kila kitu kimo humu." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara 3. Wa mwisho alikuwa mhasibu wa duka la vipuri. Flashi yake ilining'inia pamoja na funguo za stoo, ncha imepinda. Nikamuuliza, na kwenye kompyuta je? "Nilifuta, ilikuwa imejaa."

Sasa hapo bakapu iko wapi? Mafaili yamehama nyumba tu. Bakapu ni nakala ya pili, ya kwanza ikiwa bado ipo.

Tena flashi! Data humo ni chaji ndani ya chipu, na ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa, chaji huvuja. Halafu kuna zile za "TB 2" za bei ya chipsi kuku. Kidhibiti, yaani kichipu kinachoiambia kompyuta ukubwa wa flashi, kimechezewa kiseme TB 2, kumbe chipu ni GB 32. Unanakili, haigomi, majina ya mafaili yote unayaona. Siku ya kuyafungua ndipo unajua. Kabla hujaiamini, ijaribu kwa programu ya H2testw: ni ya bure, inaijaza yote kisha inasoma ilichoandika.

Mimi wimbo wangu ni mmoja: diski mbili za nje. Moja ofisini, nyingine nyumbani kwa bosi, Ijumaa zinabadilishana. Na kila mwezi fungua faili la bakapu kwenye kompyuta nyingine. (Hili hakuna anayelifanya, nalisema tu.)

"Yangu imechomekwa muda wote, inajinakili yenyewe." Ndiyo, na kirusi cha kudai fidia kikiingia kinaikuta hapo hapo, kinaifunga pamoja na kompyuta. WannaCry ya Mei 2017 haikubagua diski. Ukimaliza, chomoa.

"Nina OneDrive." Hiyo hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft inasawazisha: ukifuta hapa, na kule kunafutika. Akaunti ya kazini inakupa siku 93 za kuliokota faili kwenye pipa la taka, basi.

Kwenye leseni nako kuna vituko. "Nimepigiwa Windows ya kraki, isiyo na leseni, mbona inafanya kazi?" Kabla ya kuiweka uliambiwa uzime antivairasi. Unadhani kwa nini?

"Nikinunua mashine mpya nitahamishia Windows yangu." Kama ni OEM, iliyokuja na mashine, inakufa nayo. Inayohama ni ile iliyonunuliwa peke yake, ya rejareja.

"Programu ya bure si halali ofisini." LibreOffice, programu ya bure ya barua na hesabu, ni halali kabisa kwa biashara. Kinachochekesha, Office Home & Student 2021, ambayo mtu ameilipia pesa zake, ndiyo isiyoruhusiwa kwa kazi za biashara.

Yule mhasibu tuliokoa hesabu za miezi 4 kati ya 11. Iliyobaki anaichapa upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, na flashi bado iko kwenye funguo.